Bédé ya Blandine na kilio ya muntu muzima

Umuhoza iko muzima! Anapumua, anacheka, anakula, na anachokoza bantu vile alizoea. Tunaanza na hiyo kwa sababu ku Nyamitaba, ku Pinga, ata kule Butembo, kuna bantu bangali banatuma pole. Wacheni kutuma pole. Kama telefone yako iko na ile picha ya binti amelala, mushumaa huku, mushumaa kule, na cadre nyeusi imeizunguka pembeni yote, ujue ile si maiti. Ile ni bédé, hadisi ya kuchora. Yule aliichora anaitwa Blandine, na mpaka leo akiona mushumaa anageuza macho.

Sikia sasa vile ilikuwa, juu ni mambo ya kukuacha kinywa wazi mwanzo mpaka mwisho.

Blandine ni mukubwa ya Umuhoza. Balizaliwa Karuba, mu milima ya Masisi, mu nyumba ya Mama Mukandori, mujane mwenye kulima viazi na kufuga ngombe kidogo. Umuhoza alikuwa muntu ya ngombe. Alikamua, alichemusha maziwa, aliigandisha na kufinya fromage, na siku moja nyungu ya maziwa ya moto ilimumwangikia ku mukono ya kuume, ikamuachia kovu ya kumetameta toka vidole mpaka ku kiwiko. Yeye aliita ile kovu bracelet yake. "Bengine banavaa ya dhahabu," alikuwa anasema, "mi navaa ya maziwa."

Blandine, yeye, ngombe hakuiweza. Bakimutuma kuchunga, ngombe iko mu viazi ya jirani, na yeye iko anachora na makala, makaa ya jiko, ku mulango ya jirani. Siku moja ule jirani alikuya mbio na fimbo, akafika ku mulango, akasimama. Ku mulango kulikuwa ngombe yake mwenyewe, ile ya pembe yenye kuvunjika, inamuangalia. Akaangalia ngombe ya mulango, akaangalia ngombe yenye ilikuwa inakula viazi yake, kisha akashusha fimbo.

"Nitakupiga kesho," alisema. "Leo umalizie kwanza mukia."

Kutoka pale Blandine akawa muntu ya rangi. Hakusoma dessin, ile kazi ya kuchora, fasi yoyote. Telefone njo ilikuwa masomo yake: anaangalia video ya bantu benye kuchora, na rezo, ile mutandao, ikikatika katikati, anamalizia mu kichwa yake. Kazi yenye ilipatikana ilikuwa ya salon. Unajua zile vichwa banapaka ku ukuta ya salon, mama na masuko ya kila namna, macho imefungwa nusu, nyusi imepindwa sawa mwezi? Kutoka Karuba mpaka Mushaki, zile vichwa zilikuwa za Blandine. Sura alizijua. Ila mikono, apana. Hakuna mama anaingia mu salon kusema munisuke vidole, na kwa hiyo hakuna muntu alimulazimisha kujifunza. Ile mambo ya mikono uikumbuke.

Vita ilifika Karuba asubui, bantu bangali ku mashamba. Umuhoza alikuwa ku malisho. Alipiga kelele toka juu ya kilima: "Muende ku kanisa, nakuya, naleta tu ngombe."

Mama Mukandori na Blandine balingoja ku kanisa mpaka bantu bote balikuwa bameenda, mpaka risasi ilianza kupita juu ya mabati. Kisha nabo balikimbia. Mu ile kukimbia telefone ya Blandine ilianguka mu mutoni, na picha yote ya Umuhoza ikaenda na maji. Ilibaki tu telefone ya Mama, yenye kioo ya kupasuka, na Mama hakai na picha, yeye anapenda vocal, ujumbe ya sauti. Balitembea, balipanda moto, ile pikipiki, balitembea tena, mpaka Pinga, kule mbali mu Walikale, fasi yenye moto inakubeba leo na wewe unaibeba kesho mu matope. Baliuliza kila muntu mwenye kutoka upande ya Masisi. Hakuna alikuwa ameona Umuhoza, ata muzima, ata maiti.

Ku Pinga, Blandine aliogopa kintu moja tu: kusahau sura. Akachora dada yake na makala ku ukuta ya nyumba yenye balipewa. Mama aliingia, akaona, akafuta na kitenge yake mpaka ukuta yote ikakuwa nyeusi.

"Usiniwekee huyu mutoto ku ukuta," alisema. "Ku ukuta tunaweka benye habarudi."

Njo ile siku Blandine alianza kumuficha dada yake mu bédé.

Kuna commerçant mumoja ya Butembo, Papa Katembo, iko na boutique pale Pinga: sabuni, chumvi, misumari, batiki. Pembeni iko na panneau solaire ya kuchukua nguvu ya jua na meza ndefu yenye bantu banaacha telefone kuchaji. Kila mwaka anachapisha kalendari ya boutique na picha ya Bikira Maria, na kila mwaka ingine inabaki. Blandine aliomba zile za zamani. Mbele Maria, nyuma kweupe. Nyuma njo alichora.

Bédé iliitwa Batano ya Mulima. Ni timu ya super-héros, mashujaa ya nguvu za ajabu. Kuna Radi, binti mwenye kukamata radi na mukono na kuiingiza mu batterie za kijiji. Kuna Tope, kijana mwenye kuinua camion, lori yenye imekwama. Kuna Sauti, mama mwenye kuita toka kilima moja mpaka ingine bila rezo. Kuna Maziwa, muzee mwenye kuponyesha bantu na kikombe. Na kuna Kivuli, mwenye kugeuka kivuli. Adui yao anaitwa Katanjia, na kazi yake ni kukata barabara. Radi alikuwa na sura ya Umuhoza, ila Blandine hakuambia muntu.

Katembo alipiga kila ukurasa picha, kisha, bila kuuliza ruhusa, akaiingiza mu kila telefone yenye ilikuwa ku meza. Unaleta telefone imekufa, unaichukua imejaa, na ndani unakuta Batano.

"Papa Katembo," mama mumoja alilalamika, "nilileta telefone kula, sikuileta kusoma."

"Hapa tunalisha na akili, Mama. Hiyo ni cadeau."

Kidogo kidogo bantu balianza kuleta telefone yenye bado imeshiba.

Meza ya Katembo njo ikakuwa fasi ya kuhukumu bédé, na mukubwa ya tribinali alikuwa Mwalimu Callixte. Shule yake ilikuwa imejaa badéplacés, bakimbizi ya vita, hakuna kufundisha, alikosa copie za banafunzi za kusahihisha, akasahihisha Batano.

"Blandine, binti yangu, nianze na mazuri," alisema siku moja, telefone mbali na macho yake. "Sura. Kwa sura hakuna muntu anakuweza. Huyu Tope akikasirika, mi mwenyewe naomba musamaha. Na matope yako ni ya hapa kabisa, si matope ya kusikia."

"Aksanti, Mwalimu."

"Na kila muntu anasema vile yeye. Nikifunika sura na kidole, bado najua ni Sauti njo anaongea. Ile ni scénario ya kweli, hadisi yenye kushika."

"Leta sasa mabaya," Katembo alisema nyuma ya mizani. "Unamunonesha tu mbele ya kumuchinja."

Mabaya ilikuwa mingi, na meza yote ilisaidia. Bulle, zile duara za maneno, zilikuwa kubwa kupita kiasi, zinafunika milima, zingine zinafunika kichwa ya mwenye kusema. Batano banashinda kila mara na mupango moja: Sauti anaita, Tope anainua, Radi anachoma, kwisha. Kivuli hana kazi. "Tangu mwanzo anabebea wenzake mifuko," binti mumoja alisema. "Kama ni ile, ata mi ni super-héros." Na mikono sasa. Radi anakamata radi na mukono, na mukono yenyewe iko mu mufuko ya koti. Maziwa anaficha kikombe nyuma ya mugongo. Tope anainua camion, ila camion imeanguka vizuri kabisa mbele ya vidole vyake. Fasi moja yenye Blandine alijaribu kuchora kiganja wazi, Katembo aliuliza kama Sauti ameanza kuuzisha ndizi.

Blandine alicheka nabo. Ila kuna moja haikumuchekesha.

"Katanjia," Callixte alisema. "Anakata barabara tangu ukurasa ya kwanza. Juu ya nini? Ata mwizi iko na njaa yake. Huyu iko na nini? Hapo scénario yako ni tupu."

Blandine alikunja kalendari yake pole pole. "Mwalimu, mi sijui juu ya nini. Kama ningejua, ningekuwa Karuba."

Katembo akaanza kupanga mafil, waya za kuchaji, zenye alikuwa amekwisha kupanga.

Callixte aliona ameharibu, akatafuta njia ya kutoka pale, na ile njia yenye alipata njo ilileta mambo yote. "Basi wacha Katanjia. Shida kubwa iko hapa: mu bédé yako hakuna muntu anakufa. Tunajua Batano batashinda mbele ya kufungua. Hatuogopi. Ni sawa mechi yenye goal imefungwa na kufuli ya kadenasi."

"Unataka niue muntu?"

"Nataka niogope."

Blandine alirudi na ile neno mu kichwa. Kuua Kivuli ilikuwa bure, bantu bangeuliza tu mifuko itabebwa na nani. Kuua Maziwa, ni muzee, bangesema amechoka. Yenye ingeuma ilikuwa moja tu, na alijua ni gani. Alijiambia ni karatasi. Alijiambia Radi si Umuhoza, ni sura tu yenye alikopesha. Na tena, hii hakuambia muntu: alitaka kuona kama macho yake inaweza kuvumilia ile kintu, mbele dunia haijamulazimisha.

Akachora Radi peke yake ku daraja na Katanjia. Na ukurasa ya mwisho akaifanya picha moja tu. Alifuata masahihisho yote. Balisema bulle ni mingi: hakuweka ata neno moja. Balisema mikono ni ya aibu: akavuta kitenge mpaka ku kidevu. Balisema sura njo nguvu yake: akapiga sura siku mingi, macho imefungwa, masuko safi, nyusi sawa mwezi. Kisha, juu aliona inakosa uzito, akazungusha cadre nyeusi nene, na akapanga mushumaa huku na kule.

Ile siku ku meza ya Katembo, jamani. Hakuna alicheka. Mama mumoja alikaa juu ya mufuko ya chumvi na kulia machozi ya kweli. Kijana mumoja alirudisha telefone yake ku meza sawa yenye kuchoma. Katembo alisukuma mizani pembeni.

"Umeua Radi?"

"Amekufa, Papa."

"Na batterie za kijiji? Nani atazijaza?" Aliuliza kabisa, sawa mwenye panneau yake inamutegemea ule binti.

Callixte alitosha miwani, akaisafisha, akaivaa, akaangalia tena. "Niliomba kuogopa," alisema. "Sikuomba hii."

Na Blandine, wacha tuseme kweli, mu tumbo yake alikuwa na furaha. Kwa mara ya kwanza hakuna muntu aliuliza mikono.

Sasa fikiria vile sisi tunafanya hapa. Muntu akikufa, familia inatafuta picha yake, inaweka cadre nyeusi, inaweka mishumaa, inatupa ku statut ya telefone. Hakuna anasoma. Unaona cadre, unaona mushumaa, kidole inaandika "pole" yenyewe. Bavijana ya Pinga balikata ile ukurasa ya mwisho peke yake, bila daraja, bila Katanjia, bila jina ya bédé, bakaitupa ku statut na machozi ya kuchezea: Radi ametuacha, tutachaji wapi. Mwenye kuiona akaituma bila yale maneno. Mwingine akaituma tena. Picha ya picha ya picha, kila mara inakuwa giza kidogo, mistari ya kalamu inazama, mpaka ile dessin ikafanana na photo kabisa. Mamotards, bale ba pikipiki, bakaibeba mu telefone zao mpaka upande ya Masisi. Kisha rezo ya Pinga ikakatika, na Blandine hakujua kama kazi yake imetoka kutembea.

Rezo ilirudi siku moja, mangaribi bado haijafika. Mama Mukandori alikuwa mbele ya nyumba anachambua maharagi. Blandine alikuwa ametoka kuchukua telefone kwa Katembo, akamupatia. Telefone ikalia, ikalia tena, ikalia tena. Mama akafinya vocal. Ilikuwa sauti ya Émilienne, mudogo yake, mwenye habakusikia habari yake tangu Karuba.

"Dada, jikaze. Niko Nyamitaba, tumefika hapa hivi karibuni. Umuhoza ametuacha. Tumepata picha yake, balimupanga muzuri, Mungu abariki benye balimuzika. Tumekaa kilio hapa na bantu ya Karuba. Jikaze, dada."

Kisha picha ikafunguka.

Blandine aliiona juu ya bega ya mama yake. Kwanza alitambua nyusi, ile ya kushoto yenye alifuta na kurudilia. Alitambua kazi yake vile muntu anatambua nguo yake ku kamba ya jirani. Sinia ya maharagi ilikuwa imeanguka, na Mama hakulia. Alikuwa ameshika telefone na mikono mbili, sawa mwenye kushika kikombe yenye imejaa.

"Mama, ile ni yangu," Blandine alisema. "Ni mi niliichora."

"Ulichora nini?"

"Umuhoza. Mu bédé. Ile ni Radi, Mama, si yeye."

Mama aligeuka kumuangalia. "Ulichora mutoto yangu amekufa."

"Ni hadisi tu, Mama."

"Na mushumaa? Juu ya nini uliweka mushumaa?"

Bajirani balikuwa bamekwisha kuingia. Kilio haingojei mwaliko: huyu na kuni, huyu na bidon ya maji, huyu na mukeka. Blandine alibaambia mumoja mumoja, ni bédé, ni mi nilichora, na kila mama alimushika bega na kumujibu vile tunajibu muntu mwenye uchungu, ndiyo binti, ndiyo, kaa chini. Na hapo njo yeye mwenyewe alianza kuwa na mashaka. Bantu ya Nyamitaba bana akili. Habawezi kukaa kilio juu ya picha tu. Labda kuna mwenye alimuona. Labda ile picha ilibakuta banajua tayari. Alichora kifo mbele, na kifo ikafuata dessin, sawa camion inafuata barabara. Akakaa ku mukeka ya kilio ya dada yake, ile yenye yeye mwenyewe aliitisha.

Katembo na Callixte balifika mbio, Katembo na kalendari mu mukono. Alipiga goti mbele ya Mama, yeye mwenye hachezi na suruali yake.

"Mama, niwie radhi. Angalia hapa. Hii njo picha. Geuza nyuma: ni Maria ya boutique yangu, na numero yangu ya telefone."

Mama aligeuza, aliona Maria, akageuza tena. Hakukuwa ameangalia bédé ata siku moja. Sasa aliangalia. Alileta karatasi karibu, akapeleka mbali, akaweka kidole.

"Nyusi," alisema.

"Nini, Mama?"

"Umuhoza nyusi yake moja inapanda, ingine inashuka. Tangu kuzaliwa. Huyu umemupa nyusi ya salon." Kidole ikashuka mpaka ku kitenge. "Na mikono yake iko wapi?"

"Mikono siiwezi, Mama."

"Mwenye kuzika muntu anamupangia mikono ku kifua. Ata ukimufunika, inaonekana imeinua nguo. Huyu chini ya kitenge ni bapa, plate sawa meza." Akachukua telefone, akaweka pembeni ya kalendari, akalinganisha nyusi na nyusi, meza na meza. "Ni moja," alisema. "Huyu si maiti. Huyu ni kazi ya muntu mwenye hajui mikono." Akapanguza uso. "Kuni ibaki, tutapika. Ila hakuna kulia hapa mpaka nisikie Nyamitaba."

Na kweli hakuna alilia. Bamama balikaa ku mukeka na macho kavu, banaokota maharagi yenye ilimwangika, na unaweza kusikia kila punje vile inaanguka mu sinia.

Katembo, Callixte na Blandine balipanda kilima yenye rezo inashika vizuri. Blandine akaweka vocal: "Mama mudogo, ile picha ni dessin yangu. Kama kuna mwenye aliona Umuhoza na macho, utuambie. Kama hakuna, muache kulia." Vocal ilikataa kwenda. Balisogea. Ilikataa. Katembo aliinua telefone juu ya fimbo, mpaka ikakubali kwenda.

"Ni mi niliomba kifo," Callixte alisema, anaangalia majani.

"Na mi niliiingiza mu telefone ya bantu," Katembo alisema. "Usijichukulie yote peke yako, Mwalimu."

Balishuka bila jibu. Kesho yake balipanda tena, jua kali, na njo wakati telefone ililia ku fimbo. Namba ya Émilienne. Vocal ndefu. Blandine akafinya, na sauti haikukuwa ya Émilienne.

"Blandine. Ni mi. Juu ya nini muliniua?"

Katembo alikaa chini mu majani. Callixte alishika muti. Blandine hakukaa na hakushika kintu, alibaki amesimama sawa muntu ya ukuta.

"Sikia," Umuhoza alikuwa anasema, na nyuma yake unasikia bantu banacheka na bengine banalia. "Ngombe zote balinyanganya. Nilibaki huku juu ya Nyamitaba, nakamulia bantu, sina telefone, nauliza habari yenu kila siku. Jana nashuka na bidon ya maziwa, napita fasi kuna kilio. Banasema ni bantu ya Karuba. Sasa nitapita na maziwa yangu sawa sijaona? Nikaingia. Nikatoa maziwa, nikakaa na bamama, nikalia. Nililia vizuri, Blandine. Nililia wewe, nikalia Mama, nikalia ata ngombe. Kisha nikauliza ule mama pembeni yangu pole pole: Mama, tunalia nani? Akasema, binti ya Mukandori ya Karuba. Roho yangu ikasimama. Nikajua ni wewe. Nikauliza, Blandine? Akasema, apana, ule mudogo. Umuhoza. Akanionyesha telefone."

Mu vocal bantu bakacheka tena nyuma yake.

"Nikajiona. Muzuri kuliko vile niko. Nikasema, Mama, huyu ni mi. Akanipiga pole pole ku mugongo: ndiyo binti, uchungu inatusemesha mingi. Nikasimama, nikasema na nguvu, ni mi Umuhoza. Mama mudogo Émilienne akainua kichwa. Wee. Muzee mumoja aliruka uzio ya lupango, viatu vyake vingali hapa. Bengine banaomba, bengine banakimbia, na Mama mudogo anakuya mbio, hanikumbatii, ananishika mukono, anapandisha mukono ya nguo. Bracelet yangu ya maziwa njo ilinishuhudia. Pale tu njo balikubali. Kisha bakasema basi, maharagi imekwisha kuiva. Nikala. Maharagi ya kilio yangu ilikosa chumvi, kama kuna commerçant huko, atume. Na Blandine, mikono yangu uliiweka wapi?"

Balishuka kilima mbio, Katembo mbele, suruali na majani yote. Mama Mukandori alisikiliza ile vocal ameshika telefone ku sikio, kisha ku sikio ingine, kisha akairudilia. Wakati ya "juu ya nini muliniua" njo alilia, na bamama bote ku mukeka bakalia naye, sasa balikuwa na ruhusa. Kuni ilikuwa pale. Balipika. Katembo alileta chumvi yake mwenyewe na akaangalia kama inatosha.

Ukurasa mupya iko tayari. Radi anakaa kitanda, anazima mushumaa na pumzi, nyusi moja juu, moja chini. Mikono yake yote mbili iko mbele, wazi, na kovu ku ile ya kuume. Katembo anasema ni bado ndizi, ila sasa ni ndizi ndogo. Callixte aliangalia, akakuna kichwa.

"Kufufuka hivi, scénario ni zaifu. Hakuna msomaji atakubali."

"Ile hakuna mu sisi aliiandika, Mwalimu," Blandine alisema.

Mama alikataa kuiweka ku ukuta. Aliomba bamuwekee mu telefone, yeye mwenye hakai na picha. Umuhoza angali Nyamitaba, juu barabara imekatwa, na Katanjia mu bédé bado hana sababu. Blandine aliacha pale kweupe.

Ila ile picha ya mushumaa ingali inatembea peke yake. Kama ulituma, utume na hii hadisi, kwa bantu bale bale, pamoja na ukurasa mupya. Uitume yote, usiikate.